Namna ya kushika spelingi za Kiingereza bila kukariri neno moja moja

Kazi yangu ni kupitia maandishi ya Kiingereza ya watu waliokulia kwenye Kiswahili, na ninachokiona karibu kila siku ni kwamba mtu neno analijua, maana anaijua, akiongea analitumia vizuri tu, ila akianza kuandika anaandika anavyosikia. Kwetu hiyo ni tabia ya kawaida manake Kiswahili ndivyo kinavyoandikwa, ukishasikia umeshajua. Sasa ukiipeleka kwenye Kiingereza inakukwamisha, afu unaambiwa dawa ni kukariri, unakariri maneno mia mbili, unachoka, unaacha.

Spelingi za Kiingereza zina mpango wake, sema mpango wenyewe haufuati sauti peke yake. Neno moja linabeba vitu vitatu kwa pamoja, yaani linavyotamkwa, ndugu zake ni akina nani, na limetoka wapi. Ukizoea kuuliza hivyo vitu kwa utaratibu, maneno ya kukariri kweli kweli yanabaki machache sana. Zifuate hatua kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Zijue herufi zinazorudia kazi za wenzake

Kiingereza kina herufi 26 ila sauti zake ni kama 44 hivi kwa matamshi ya Uingereza, na kati ya hizo irabu peke yake ni kama 20. Herufi za irabu ni tano, na y inasaidia saidia. Kwa hiyo tangu mwanzo herufi hazitoshi, na hapo hapo kuna zingine zinafanya kazi ambayo tayari ina mwenyewe. C ukiitoa kwenye ch haina sauti yake, kwenye "cat" ni k na kwenye "city" ni s. Q ni k tu yenye u nyuma yake karibu kila mahali. X ni sauti mbili zilizobanwa pamoja, ks kwenye "box", gz kwenye "exam", na ikikaa mwanzo wa neno kama "xylophone" inageuka z.

Watu walishajaribu kuzisafisha hizi. Benjamin Franklin, msomi na mwanasiasa wa Marekani, mwaka 1768 alipendekeza c, j, q, w, x na y zitolewe ziingie herufi mpya sita, haikwenda popote. Mwaka 1906 rais Theodore Roosevelt aliagiza nyaraka za serikali ya Marekani zichapwe kwa spelingi zilizorahisishwa za maneno 300, Bunge likakataa mwaka huo huo. Kwa hiyo usijifunze kwa kulalamika ukisubiri warekebishe, jifunze zilivyo.

Na kabla hujaichukia c, chukua "electric", "electricity" na "electrician" uziweke mstari mmoja. C ya kwanza kabisa kwenye shina iko pale pale, iangalie ile nyingine ya mwisho: kwenye neno la kwanza inasikika k, la pili inasikika s, la tatu inasikika sh. Sauti tatu, herufi moja. Ungeandika kwa kufuata mdomo ungepata maneno matatu ambayo jicho halijui kama ni ndugu, ila kwa c shina linabaki lile lile na ukijua kuandika moja umeshajua yote. Sawa na "public" na "publicity", "medical" na "medicine". Mimi hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu hii lugha kimaandishi, kitu kinachoonekana cha ziada kumbe kinashika ukoo usitawanyike.

Hatua ya 2: Angalia sauti imekaa sehemu gani ya neno

Sauti moja inaandikwa tofauti kutegemea iko mwanzo, katikati au mwisho. Hii ndio sehemu ambayo watu wengi hawafundishwi kabisa na inaokoa makosa mengi sana.

Maneno ya kawaida ya Kiingereza hayaishii na v. Ndio maana "have", "give", "live" na "love" zina e mwishoni, hiyo e haibadilishi matamshi yoyote, iko pale kuzuia v isikae mwisho. J nayo haikai mwisho, ukitoa maneno machache ya kuazima, kwa hiyo ukisikia sauti ya j mwishoni andika ge au dge. Unachaguaje? Irabu ikiwa fupi na imekaa jirani kabisa na hiyo sauti, andika dge kama "badge", "bridge", "judge". Ikiwa ndefu, ge inatosha kama "page" na "huge". Mtindo ni huo huo kwa ck ("back", wakati "bake" ina k moja) na kwa tch ("catch", "kitchen"). Kuna wachache wakaidi, "much", "such", "rich" na "which", hao hawana t, waandike ukutani mara moja yaishe.

C ikifuatwa na e, i au y inakuwa s, ukitoa mikia kama ule wa "electrician" inapokuwa sh, hiyo sheria ni ngumu kuvunjika. G inajaribu kufuata njia hiyo hiyo kwenye "gem" na "giant" ila inaasi kwenye "get", "give" na "girl", kwa hiyo g usiiamini sana. Ila hii sheria ina faida kubwa ukianza kuongeza mikia ya maneno. "Notice" ukiongeza able unaandika "noticeable", e unaiacha manake ukiitoa c itakaa mbele ya a isomwe k. Vile vile "changeable" na "manageable". Ukirudi upande wa pili, "panic" ukitaka kuongeza ed lazima uchomeke k, "panicked", la sivyo c itakutana na e igeuke s. Na ile u ya kwenye "guess", "guide" na "guilty" iko pale kwa sababu hizo hizo, inaitenganisha g na e au i ili g ibaki g.

Kingine kidogo cha hapa, maneno mafupi. Maneno yenye kazi ya kuunganisha sentensi yanaruhusiwa herufi mbili, mfano "in", "be", "to", "so", "by". Maneno yanayotaja vitu au vitendo huwaga yanatafuta angalau tatu, hata kama sauti ni ile ile: "inn", "bee", "two", "sew", "buy". Ndio maana "egg", "add" na "odd" zimedabo herufi ya mwisho. "Go" na "ox" zimeponyoka, sio nyingi.

Hatua ya 3: E ya mwisho na konsonanti mbili, hapa kaa sana

Kama una muda wa hatua moja tu basi iwe hii. Irabu ya Kiingereza huwaga ina sauti fupi na sauti ndefu, na e iliyokaa mwisho inaiambia irabu iliyo nyuma yake irefuke: "hop" na "hope", "kit" na "kite", "mat" na "mate", "cut" na "cute". Konsonanti mbili zinafanya kinyume, zinaizuia irabu ibaki fupi. Weka hivi vitu viwili pamoja ndo unaelewa kwa nini "hoping" ni ya "hope" na "hopping" ni ya "hop", kwa nini "writing" ina t moja na "written" ina mbili, na kwa nini "diner" na "dinner" ni vitu tofauti.

Kwenye maneno marefu inaingia mkazo. Neno likiishia na irabu moja na konsonanti moja, na mkazo uko silabi ya mwisho, unadabo: "begin" inakuwa "beginning", "refer" inakuwa "referred", "occur" inakuwa "occurred". Mkazo ukiwa mwanzo hudabo, kwa hiyo "visited", "opened", "offered". Litamke neno kwa sauti ya kusikika kabisa usikie wapi unaliminya, hapo mdomo unasaidia. Wenye shida zaidi ni l, manake Waingereza wanaidabo hata mkazo ukiwa mwanzo, "travelled", na Wamarekani hawaidabo, "traveled".

Swali ambalo kila mtu analiuliza ni kwa nini i ya "kite" isomwe ai, kwani ilikuwa shida gani ikasomwa i kama ilivyoandikwa? Jibu ni kwamba zamani ilisomwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1400 mpaka 1700 hivi irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote. Kabla ya hapo "name" ilitamkwa karibu na vile mtu wa Kiswahili angeisoma kwa mara ya kwanza, naama, na "time" ilikuwa kama tiima. Katikati ya huo uhamaji William Caxton akaleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza, mwaka 1476, na kadiri vitabu vilivyozidi kuchapwa spelingi zikazidi kutulia wakati midomo ya watu bado inaendelea kuhama. Kwa hiyo tunachoandika leo kwa sehemu kubwa ni matamshi ya watu waliokufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita, yaani ukisoma "name" kama Kiswahili hujakosea, umechelewa tu.

Hatua ya 4: Mtafute ndugu anayeongea

Herufi bubu, zile zinazoandikwa bila kutamkwa, na irabu zilizofifia zinasumbua watu wengi. Dawa yake ni kutafuta neno la ukoo huo huo ambalo ile herufi inasikika. G ya "sign" haisikiki, nenda "signature" utaisikia. B ya "bomb" iko "bombard". C ya "muscle" iko "muscular". N ya "autumn" iko "autumnal", na ya "condemn" iko "condemnation". W ya "two" inawasumbua wengi, wasikilize ndugu zake "twin", "twice", "twenty" na "between", wote wanaitamka.

Irabu nazo ni hivyo hivyo. Kiingereza silabi isiyo na mkazo inafifia mpaka hujui kama ni a, e, i au o. "Grammar" watu wanaandika er mwishoni, muulize "grammatical", a hiyo hapo. "Definite" watu wanatia a, muulize "finite". "Health" ina a kwa sababu ya "heal", na "pleasant" kwa sababu ya "please".

Mikia nayo ina ndugu zake. Ed ya wakati uliopita inasikika t kwenye "walked", d kwenye "played", id kwenye "wanted", ila kwenye maandishi ni ed tu kila mahali manake kazi yake ni moja. Ukiwa unaandika na umesikia t, jiulize kwanza, hiki ni kitendo kilichopita? Kama ndiyo, andika ed na usisikilize tena. Nimeona "finisht" na "askt" kwa watu wenye Kiingereza kizuri tu, shida ni kwamba sikio limepewa kazi isiyo yake.

Hatua ya 5: Uliza limetoka wapi

Huhitaji kusomea historia, unahitaji makundi matatu tu.

Kundi la kwanza ni la Kigiriki, maneno ya sayansi na elimu. Hapa f inaandikwa ph, k inaandikwa ch, i inaandikwa y, na kuna p bubu mbele ya s: "philosophy", "chemistry", "system", "psychology". Neno likinuka maabara au darasa, fikiria hizi herufi kwanza.

Kundi la pili ni la Kifaransa. Ch inasomwa sh, "machine", "chef". Mwisho kuna que ya kusomwa k, "unique", na t isiyosikika, "ballet".

Kundi la tatu ni Kiingereza cha asili, na huku ndiko kuna kn, wr na gh. K ya "knee" na w ya "write" zilitamkwa kweli zamani, hawakuziweka kwa urembo. Gh ya "night" ilikuwa sauti ya kooni, karibu na ile kh unayoisikia kwa mtu anayetamka "kheri" kwa lafudhi ya Kiarabu. Hiyo sauti ikafa, maeneo mengine ikapotea kabisa na mengine ikageuka f, na zote zikabaki kwenye maandishi yale yale. Ndio chanzo cha ough kuwa na sura nyingi hivyo: "though" inaishia na o, "through" inaishia na u, "bough" ni bau, "tough" ni taf, "cough" ni kof, na "thought" gh imekufa kimya. Hizi usizitafutie sheria. Zipange kwa sauti, "tough" na "rough" na "enough" pamoja, "bought" na "brought" na "thought" pamoja, zinashikika haraka sana zikiwa kwenye vikundi.

Na hapo hapo kwenye asili ya maneno kuna herufi zilizochomekwa na wasomi waliotaka maneno yafanane na Kilatini. "Debt" ilikuja kutoka Kifaransa bila b, wakaitia b kwa heshima ya debitum. "Doubt" ni hivyo hivyo. "Receipt" wakaitia p, ila "deceit" ambayo ni ya ukoo mmoja hawakuitia, ndio maana hizo mbili hazifanani mpaka leo. "Island" ni mbaya zaidi, ni neno la Kiingereza cha asili lisilo na uhusiano wowote na insula ya Kilatini, wakalifananisha na "isle" wakaliwekea s ambayo haijawahi kutamkwa na mtu yeyote. H ya "ghost" inahusishwa na wachapaji wa Caxton waliokuwa wamezoea kuandika Kiflemi, yaani Kiholanzi cha upande wa Ubelgiji. Na ile o ya "love", "son", "come" na "month" ambayo unaisikia kama a, maelezo yanayotajwa sana ni kwamba waandishi wa mkono wa zamani waliona u ikikaa karibu na m, n au v inakuwa vijiti vitupu visivyosomeka, wakaibadilisha kuwa o.

Ukishajua kisa cha herufi huisahau. Mwanafunzi aliyeambiwa "debt ina b, kariri" na aliyeambiwa b ilitoka wapi, wa pili ndiye anayeandika sawa mwezi ujao.

Hatua ya 6: Ie au ei

Fupi. Sauti ikiwa ii ndefu, andika ie, isipokuwa baada ya c andika ei: "believe", "field", "piece", halafu "receive", "ceiling", "deceive". Watu wanaikataa hii sheria kwa sababu ya "science" na "their", ila hizo hazina sauti ya ii ndefu kwa hiyo hazihusiki. Wavunjaji wa kweli wapo wachache, "seize", "protein", "caffeine", na "species" kwa upande wa c. Ongeza na "weird".

Hatua ya 7: Chagua upande mmoja

Noah Webster kwenye kamusi yake ya mwaka 1828 ndiye aliyeipa nguvu "color" na "center" Marekani, Uingereza wakabaki na "colour" na "centre". Alijaribu pia "tung" badala ya "tongue", watu wakaikataa. Zote mbili ni sahihi, kosa ni kuzichanganya kwenye barua moja. Ingia kwenye mipangilio ya simu na kompyuta, chagua Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, kisha achana na hiyo mada. Ila programu ya kukagua spelingi usiitegemee kwa maneno ambayo yote mawili yapo, mara nyingi inayapita tu: "lose" na "loose", "form" na "from", "advice" na "advise", "their" na "there". Hayo yasome kwa macho yako.

Hatua ya 8: Lisome neno kwa Kiswahili

Hii ni silaha ambayo mtu wa Kiswahili anayo tayari. Wakati wa kujifunza neno gumu, lisome kichwani kila herufi kama ingekuwa Kiswahili: wed-nes-day, feb-ru-a-ry, k-ni-fe, i-s-land, go-ver-n-ment, se-pa-ra-te, ve-ge-ta-ble. Usilitamke hivyo mbele za watu, ni la kichwani tu. Akili yetu imezoea kwamba kila herufi ina sauti yake, kwa hiyo ukiipa sauti ya bandia inashika herufi zote bila kuacha hata moja. Kwa maneno mengi hii inafanya kazi kuliko kuandika neno mara hamsini.

Hatua ya 9: Daftari la makosa, kwa vikundi

Kila ukikosea neno usiliandike peke yake, liandike na sababu yake. Gawa kurasa kwa hatua hizi: ukurasa wa kudabo, ukurasa wa herufi bubu na ndugu zao, ukurasa wa Kigiriki, ukurasa wa ough. Baada ya wiki chache utaona ukurasa mmoja au miwili imejaa na mingine iko wazi, na hapo ndipo unajua tatizo lako liko wapi, wengi ni kudabo na irabu zilizofifia, herufi bubu sio kama watu wanavyodhani.

Weka na ukurasa wa yatima, maneno ambayo hakuna swali linalosaidia: "people", "busy", "bury", "women", "colonel". "One" inaingia humu pia ingawa ndugu zake "only" na "alone" bado wanaitamka ile o ya zamani. "Colonel" ina kisa chake, maandishi yalifuata Kiitaliano na matamshi yakafuata umbo lingine lenye r, vikabaki hivyo. Hawa ndio wa kukariri, na ukurasa mmoja unawatosha.

Mwisho jipe imla. Jirekodi kwenye simu ukisoma aya moja ya kitabu chochote, ikae siku moja, kesho yake sikiliza uandike bila kuangalia, kisha linganisha. Kila kosa lipeleke kwenye ukurasa wake. Ukikuta neno hujui liende ukurasa gani, lifungue kwenye kamusi inayoonyesha asili ya maneno, soma ule mstari wa asili tu, mara nyingi jibu liko hapo.